Subira Iliyovuta Mende

Ambao hamkuwapo wiki iliyopita, sogeeni karibu. Sirudii mara mbili.

Mimi ni mchoraji wa majiko. Nachora makabati, droo, mahali pa sinki, mahali pa friji, na mlango upi ufungukie upande gani ili mama wa nyumba asijigonge kichwa. Nina diploma ya uchoraji wa majengo, nina mita ya chuma mfukoni, na kwenye karakana ya samani ninakofanya kazi wananiita Mama Kipimo.

Bosi wangu alipata mteja mnono. Mama mmoja ana maghorofa mapya, na kila nyumba ndani yake inataka jiko. Tunamwita Mama Ghorofa. Mama Ghorofa haelewi ramani na hana haya kusema. Anataka kuliona jiko kwenye skrini, aingie kama anatembea, ageuke, afungue kabati, aone taa ikimulika sinki. Kompyuta ya ofisini ukiiambia ifanye hivyo inaunguruma kama mashine ya kusaga, halafu inazimika.

Nikaamua kununua yangu. Na nikafanya kosa letu lile lile. Niliinunua kama tunavyojenga nyumba: mwezi huu msingi, mwezi ujao tofali, bati litakuja Mungu akipenda. Kasha, bodi, prosesa ambayo ndiyo ubongo wa mashine, memori, kimoja kimoja. Kikabaki kitu kimoja, kadi ya picha, ile inayochora mwanga na vivuli. Ndiyo ghali kuliko vyote.

Aliyeviunganisha ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Anaitwa Mtaalamu. Jina alijipa mwenyewe. Alikuja kwetu kukaa wiki moja akitafuta kazi, akalala kwenye kochi la sebuleni, na tangu hapo sisi ndio tunaobisha hodi.

"Kadi usinunue sasa, shemeji," aliniambia. "Subiri, bei inashuka."

Nikasubiri. Mvua zikaja zikaenda. Shule zikafungwa zikafunguliwa. Kompyuta ikakaa juu ya kabati la nguo, imefunikwa shuka. Haikuwahi kuwashwa hata mara moja, kwa sababu prosesa niliyonunua ni ile ya bei nafuu isiyoweza kutoa picha yenyewe. Bila kadi, skrini inabaki nyeusi. Prosesa hiyo nayo alinichagulia Mtaalamu.

Wiki iliyopita niliishia pale Mama Ghorofa alipompigia bosi simu: "Ijumaa nakuja kuona jiko langu."

Bosi akanigeukia. "Mama Kipimo, akiridhika, idara ya michoro ni yako. Asiporidhika, michoro natafuta kampuni ya nje, na meza yako naiuza."

Haya. Tuendelee.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Mtaalamu mezani, mguu mmoja juu ya kiti, anachovya mkate kwenye chai. Kikombe kilikuwa changu. Siagi ilielea juu ya chai kama oili kwenye dimbwi la gereji.

"Mtaalamu, leo nanunua kadi."

Mkate ukakatika, ukazama.

"Leo? Leo hii?"

"Kuna leo nyingine?"

"Shemeji, utalia. Mwezi ujao zinatoka mpya. Zikitoka tu, hizi za sasa zitauzwa kama njugu."

"Mwezi uliopita ulisema hivyo hivyo."

"Mwezi uliopita meli ilichelewa."

"Na kabla ya hapo?"

"Dola ilipanda."

"Na kabla ya dola ulisema watu wa sarafu za mtandaoni wamezinunua zote. Mtaalamu, kila kitu duniani kinapanda na kushuka. Wewe tu ndiye hushuki kwenye kochi langu."

Binti yangu wa kwanza alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Mume wangu hakucheka. Alikuwa upande wa pili wa meza anakata kucha za miguu juu ya gazeti, pengine hili hili mnalolisoma.

"Mama watoto, msikilize kijana," akasema. "Haya mambo anayajua. Subira yavuta heri."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu. "Na wewe shusha mguu huo, watu wanakula."

Kipande cha ukucha kiliruka, kikatua karibu na bakuli la sukari. Nikalivuta bakuli upande wangu.

Mtaalamu aliinuka. Mtu ambaye huwa haamki mpaka jua limzibue macho, siku ile alivaa viatu haraka.

"Basi nipe mpaka mchana, shemeji. Nina rafiki anauza ya kwake. Haijatumika sana. Kama mpya, nakuapia. Kwa bei ya kutupa."

Mimi ni mama. Nikisikia bei ya kutupa, masikio yanasimama yenyewe. Nikasema sawa, mpaka mchana.

Mchana alikuja nayo kwenye soksi.

Sikusema mfuko. Nimesema soksi. Soksi ndefu ya kijivu, tena ilishavaliwa, maana kisigino kilikuwa kigumu kama kadibodi.

"Kwa nini soksi?"

"Kuikinga na vumbi, shemeji."

Akaitoa. Harufu ilitangulia. Ilikuwa moshi wa sigara uliochanganyika na mafuta ya kukaangia na kitu kingine nisichotaka kukijua. Feni zake mbili zilikuwa zimeota manyoya ya vumbi, yamegandamana na ugiligili wa kahawia. Niligusa kwa ncha ya kidole. Kidole kiling'ang'ania.

"Hii ndiyo kama mpya?"

"Ya nje usiitazame. Utamu uko ndani."

"Basi tuuone huo utamu."

Nikachukua bisibisi. Mtaalamu akasema si vizuri kufungua, itapoteza nguvu. Nikamwambia hata mimi napoteza nguvu nikimtazama. Nikafungua skrubu ya kwanza, ya pili, nikainua kifuniko.

Mende wa kwanza alitoka taratibu, kama mpangaji aliyegongewa mlango. Wa pili hakuwa na taratibu. Akapanda mkononi mwangu.

Nilipiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta.

Ndani ya kadi kulikuwa na mji. Vinyesi vyao vimetapakaa kama pilipili manga. Maganda ya mayai yamepangwa kwenye mapezi ya chuma yanayopoza kadi. Kizazi kizima kilizaliwa mle, kikaoana mle, kikafia mle. Wanasema subira yavuta heri. Yangu ilivuta mende.

"Ukiipuliza kwa nguvu wanatoka," alisema Mtaalamu.

"Toka wewe kwanza!"

"Shemeji, ifunge hivyo hivyo ujaribu. Ikigoma basi ni yenyewe mbovu, tusubiri mpya."

Wakati ule sikuyashika maneno hayo. Nilikuwa nasugua mkono kwa sabuni ya kufulia na kuona kama wale mende bado wanatembea. Leo nikiyakumbuka najua alichokuwa anatafuta. Alitaka kadi mbovu. Alitaka skrini iwe nyeusi na lawama iwaangukie mende.

Nikaichukua kadi ile kwa koleo la makaa, nikaitupa kwenye pipa la nje. Nikabeba mkoba wangu, nikaenda dukani.

Duka liko nyuma ya kituo cha mafuta. Mwenye duka ni fundi pia, binti mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi. Nikamwambia nataka kadi ya kutembeza watu jikoni. Akanielewa mara moja, tofauti na waume wa watu.

"Bei yake imeshuka?" nikamuuliza.

"Mwaka huu? Imepanda, mama. Aliyekwambia usubiri hakutakii mema."

Nikalipa huku nauma meno. Nikataka kuondoka, akanizuia.

"Mama, lete mashine yako hapa niifunge. Ukiifunga nyumbani ikigoma, wewe utasema kadi yangu mbovu, mimi nitasema umeme wako mbovu, tutakuwa maadui bure."

Maneno ya mtu mzima. Nikarudi nyumbani kuchukua mashine.

Mtaalamu alinikuta nimesimama kwenye stuli, nashusha kasha kutoka juu ya kabati.

"Shemeji, hilo halitakiwi kutikiswa!"

"Kwa nini? Lina mimba?"

"Vumbi limeshatulia ndani. Ukilitikisa linaamka."

"Baba watoto," nikaita, "njoo unisaidie kubeba."

Mume wangu alisimama mlangoni akijishika kiuno. "Mgongo unaniuma."

Mume wangu ana gari la mizigo. Kutwa nzima anabeba vigae, maboksi kwa maboksi, anapandisha ngazi za watu. Mgongo haujawahi kumuuma mbele ya vigae. Unamuuma mbele ya mkewe.

Nikalifunga kasha kwenye shuka, nikalibeba mwenyewe mgongoni kama mtoto. Nyuma yangu niliwasikia ndugu wawili wakinong'ona. Niligeuka. Wakanyamaza wote kwa pamoja.

Dukani, fundi alichomeka kadi, akachomeka skrini, akawasha.

Feni zikazunguka. Taa ikawaka. Skrini ikabaki nyeusi kama sufuria ya msibani.

"Si kadi yangu," akasema haraka. Akaichukua ile kadi, akaichomeka kwenye mashine yake. Picha ikaja, nzuri, ya rangi. Akairudisha kwangu. Giza.

"Labda waya," nikasema.

"Labda." Akaondoa waya, akaondoa memori, akarudisha. Giza. Mwisho akashika feni kubwa iliyokaa juu ya prosesa, akafungua vibano vyake, akaivuta. Haikutoka. Akavuta tena. Ikatoka na sauti ya mnato, nyaak, na uzi mrefu wa waridi ukafuata.

Bazoka. Chingamu ya bazoka, iliyotafunwa. Alama za meno zilikuwa bado zinaonekana, na pengo lilikuwa palepale. Naijua midomo yote ya nyumbani kwangu. Mwenye pengo mbele ni mmoja.

Fundi akasogeza uso, akasukuma miwani juu. "Mama, hapa hakuna prosesa."

"Kuna nini?"

Akachomoa kwa kibanio kipande cha mraba, kimekatwa vizuri, kimekunjwa mara mbili ili kijaze nafasi.

"Kuna boksi la dawa ya meno."

Nilikaa chini. Si kwenye kiti. Nilikaa kwenye katoni ya skrini ya mtu mwingine.

Mambo yakajipanga kichwani kama droo zinavyofungwa moja baada ya nyingine. Bila kadi, siwezi kuwasha. Nisipowasha, sijui kama prosesa ipo au haipo. Kwa hiyo kadi isinunuliwe. Meli imechelewa. Dola imepanda. Mpya zinatoka mwezi ujao. Mwaka mzima mtu anakula mkate wangu, anakoroma kwenye kochi langu, anabandika bazoka yake ndani ya mashine yangu, na kila nikiuliza ananitazama usoni na kuniambia nisubiri.

Mate yalinijaa mdomoni. Nikatoka nje nikatema.

Nilipofika nyumbani sikubisha hodi sebuleni kwangu. Mtaalamu alikuwa amelala chali, simu kifuani.

"Toa prosesa yangu."

"Prosesa gani, shemeji?"

"Ile ambayo mahali pake umeweka boksi la dawa ya meno."

Akakaa. Akajikuna shingo. Kisha akasema, na wallahi hakupepesa jicho: "Shemeji, kifaa kikikaa bila kutumika kinashika kutu. Mimi nilikuwa nakitunza."

"Ukakitunza wapi?"

"Kwa rafiki. Kwenye kompyuta yake. Tunacheza gemu tu, kidogo kidogo, kisilale."

"Na ile bazoka?"

"Feni ilikuwa inacheza."

Mume wangu akaingia kutoka chumbani. Mgongo ulikuwa umepona. "Mama watoto, usipaze sauti, majirani watasikia."

"Wasikie! Wakaribie wanuse na hii sebule! Mdogo wako kaniibia ndani ya nyumba yangu."

"Ni kifaa tu. Mtoto kakosa, kakosa."

"Mtoto gani? Mtoto ana ndevu za kufagilia uwanja!"

"Atairudisha."

"Sasa hivi. Nisipoiona kabla binti hajatoka shule, kochi hili nalichoma moto na yeye juu yake."

Mtaalamu alimtazama kaka yake. Kaka yake akatikisa kichwa kidogo, kama bosi anayempa ruhusa kibarua. Niliona. Nikadhani ni undugu tu. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mwenye kuwashwa hujikuna mahali pasipowasha.

Akaenda, akarudi. Prosesa ilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali yake, imezungushwa karatasi ya chooni.

"Ni karatasi safi," akasema.

"Lakini bei ingeshuka kweli, shemeji," akaongeza. "Ungeniamini."

Nikaichukua prosesa yangu, nikatoka. Kuna watu ukiwajibu unachafuka.

Fundi aliisafisha prosesa kwa spiriti na pamba, akaikwangua bazoka, akafunga upya. Akawasha. Skrini ikawaka. Nikachomeka flashi yangu ya kazi, ile ninayohifadhia michoro yote, nikafungua jiko la Mama Ghorofa.

Nikaingia.

Nilichora jiko lile kwa mistari, juu, chini, kushoto, kulia, sikuwahi kulitembelea. Sasa nikapita mlangoni, mwanga wa dirisha ukanipiga pembeni, bomba liking'aa, kivuli cha kabati kikilala sakafuni palepale kinapotakiwa kulala. Fundi akasema, "Mama, hapa hata mimi ningepika." Nikafuta macho kwa mkono, nikajifanya ni vumbi.

Nyumbani, Mtaalamu alikuwa ameondoka. Begi lake halikuwepo. Kochi lilibaki na shimo la umbo lake na soksi moja. Nilifurahi kama mjinga. Nikafungua madirisha, nikasugua kila mahali kwa dawa ya choo.

Mume wangu peke yake ndiye hakufurahi.

"Ijumaa usimpokee yule mama," akaniambia. "Mwambie aje wiki nyingine."

"Kwa nini?"

"Mashine ndiyo kwanza imefungwa. Ikikuaibisha je?"

"Imejaribiwa."

"Basi nenda na michoro ya karatasi. Anza kidogo."

"Haelewi karatasi, nimekwambia mara ngapi? Baba watoto, nikipata idara ile, ada ya watoto haitakuwa kelele tena humu ndani. Wewe hutaki?"

Akaniangalia kama mtu anayetafuta neno kwenye mfuko wenye tundu. Kisha akainama, akaanza kuokota kucha zake za asubuhi kwenye zulia. Mume wangu, kuokota kucha! Nilipaswa kuogopa papo hapo.

Asubuhi ya Ijumaa gari lake la mizigo liligoma kuwaka. Hivyo ndivyo alivyosema. Nikapakia kompyuta kwenye teksi, nikaenda zangu.

Bosi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Amefagia vumbi la mbao, amezima msumeno, amewaambia maseremala wakae kimya kama wako mtihanini. Kompyuta yangu ikawekwa juu ya meza ya kupimia. Nikaiwasha. Jiko likaja kwenye skrini. Seremala mmoja mzee akapiga mluzi.

"Mama Kipimo," bosi akaninong'oneza, "leo ni leo."

Mama Ghorofa akaingia na mkoba mkubwa na viatu vya kujengea, vina saruji. Ni mama mnene, mcheshi, anasalimia kila mtu kwa mkono mpaka mlinzi. Nikamkalisha. Nikamwonyesha jinsi ya kushika mausi.

"Karibu jikoni kwako, mama. Pita ndani."

Akapita. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Nilimtazama uso nikingoja macho yapanuke. Hayakupanuka. Akaanza kukunja uso.

"Mwanangu, hili si nimeshaliona?"

"Umeona michoro ya karatasi, mama. Hii ni..."

"Karatasi siielewi mimi. Nimeliona hivi hivi, nikiingia hivi hivi. Kabati hilo la kona, mlango wake unafungukia kushoto. Ndani kuna rafu ya sufuria inayozunguka."

Nilikuwa bado sijalifungua. Nikalifungua. Mlango ukaenda kushoto. Rafu ya sufuria ikazunguka.

Seremala yule mzee akasogea karibu na skrini.

"Na nimeshalilipia," akaendelea Mama Ghorofa, bado anatabasamu, hajui kuwa ananikata. "Leo nimekuja kuliona lenyewe, lile la mbao. Na mnakuja kufunga lini? Vigae vimeshakauka."

Bosi akakohoa. "Umelipa kwa nani, mama?"

"Kwa wakala wenu. Yule mwenye gari la vigae, aliyeniletea vigae vya ghorofa zote. Alikuja na kijana mmoja wa ndevu, ana pengo hapa mbele, wakabeba kompyuta yao, wakanitembeza jikoni jioni nzima. Nikalipenda, nikalipa." Akanigeukia kwa upole. "Si ni mumeo? Alisema michoro ni ya Mama Kipimo wa karakana hii, na Mama Kipimo ni mke wake wa ndoa."

Sasa mjue nilichokisikia mwilini. Haikuwa hasira. Ilikuwa kama kugundua kwamba mswaki wako, ule wako peke yako, mtu mwingine amekuwa akiutumia mwaka mzima na kuurudisha kwenye kikombe ukiwa umelowa. Waliingia jikoni kwangu kabla yangu. Walichukua flashi mkobani nikiwa nimelala au naoga, wakachukua prosesa, wakaazima kadi mahali, wakatembea kwenye mwanga ule, wakafungua kabati zangu kwa mikono yao ya kukata kucha. Halafu wakarudi nyumbani, wakakaa mezani kwangu, wakaniambia bei inashuka.

Na sasa wizi ule ulikuwa na jina langu.

"Mama Kipimo." Sauti ya bosi ilikuwa ndogo sana. "Hii michoro ni mali ya karakana. Ulimtuma mumeo, au hukumtuma?"

"Bosi, mimi..."

"Neno moja."

Neno moja lilikuwepo. Hapana. Lakini neno hilo moja lina mtoto, na mtoto wake ni polisi, na mwenye kuchukuliwa na polisi ni baba wa watoto wangu. Nilifungua mdomo. Najua mlivyo, mnasema ningelitoa tu. Ningelitoa. Lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Simu yangu ikalia.

Ilikuwa juu ya meza ya kupimia, kando ya mausi, uso juu. Kila mtu alisoma jina: Baba Watoto.

Niliinua mkono niizime. Bosi akaushika mkono wangu. Hakuushika kwa nguvu, aliushika kama mtu anavyoshika kitu kilichooza, kwa ncha za vidole.

"Ipokee," akasema. "Weka sauti nje. Na usiseme kitu."

Nikabonyeza.

"Mama watoto?" Alikuwa anahema. "Yule mama amefika? Usimwashie hiyo mashine. Sema imeungua, sema chochote, wewe una maneno. Hela yake bado ninayo, sijaigusa. Nusu ni yako, nakuapia. Nusu kwa nusu, mke wangu."

Mama Ghorofa aliacha kutabasamu. Akauvuta mkoba wake mapajani, akaukumbatia, akinitazama mimi.

"Nusu," bosi akarudia taratibu.

Kisha akainua kichwa, akapaza sauti juu ya mbao zote, juu ya maseremala wote.

"Mlinzi! Funga geti. Mtu asitoke."

Nikasikia mnyororo ukiburutwa kwenye chuma, kufuli likibanwa. Na kwenye spika, mume wangu bado anauliza kama nimemsikia.